Usiape kuacha pombe maisha yako yote, anza na leo

Wazazi wanaoleta vijana wao kliniki kwa sababu ya pombe huwa na ombi moja linalojirudia: "Daktari, mwambie aape mbele yako kwamba hatagusa tena." Wengine wameshamwapisha nyumbani, wengine mbele ya mchungaji, wengine juu ya kaburi la baba yake. Kijana ameapa, amelia, amekaa wiki nzima bila kunywa. Jumamosi malipo yakatoka, na usiku akarudishwa nyumbani akiwa amebebwa.

Hapo ndipo familia hukata tamaa na kusema kijana ni mwongo. Kwa wale ninaowaona mimi, wengi si waongo. Siku walipoapa walimaanisha kila neno. Tatizo ni kwamba waliahidi kitu ambacho hakipo mkononi mwa mtu yeyote, yaani maisha yote yaliyobaki.

Leo nataka tuzungumze kuhusu ahadi ndogo zaidi, ambayo mgonjwa wa pombe anaweza kuitimiza: kutokunywa leo. Tutazungumza pia kuhusu hatari ambayo familia nyingi haziijui, kwa sababu kwa baadhi ya wanywaji siku zile za kwanza za kuacha ndizo zinazoweza kuua.

Pombe na maisha ya Mafinga

Anayeishi hapa Mafinga hahitaji kuhadithiwa. Mvua zikianza, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, na ulanzi hudondoka taratibu ndani ya mbeta. Ukinywewa mapema ni mtamu, huo ndio mtogwa, na kuna nyumba ambazo watoto hupewa kama juisi. Ukikaa, unachacha na kuwa mkangafu. Msimu wa ulanzi ukipita, komoni ipo, kangara ipo, bia ipo. Viroba vya plastiki serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, lakini pombe kali za chupa ndogo bado zinaingia mfukoni bila mtu kuona.

Mji wetu pia ni mji wa kazi ngumu. Watu wanapasua mbao, wanapakia nguzo na mirunda kutoka msitu wa Sao Hill, wanachuma chai, wanaendesha malori kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia. Wengi hulipwa kwa siku au kwa wiki, fedha taslimu, jioni, karibu na kilabu. Juni na Julai baridi ikikaza, mtu husema anakunywa ili kupasha mwili moto.

Nianze na hilo la baridi. Pombe haipashi mwili moto. Inatanua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, na mtu anahisi joto. Lakini joto hilo linatoka nje ya mwili na kupotea. Ndiyo maana mlevi anayelala njiani usiku wa Julai yuko kwenye hatari kubwa ya kufa kwa baridi, huku mwenyewe akijiona yuko sawa.

Si kila anayekunywa ni mgonjwa. Kuna maswali manne mepesi ambayo madaktari wamekuwa wakiyatumia kwa miongo kadhaa. Je, umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza pombe? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema kuhusu unywaji wako? Je, umewahi kujisikia vibaya au mwenye hatia kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana? Ukijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, onana na mtaalamu wa afya. Jibu la swali la nne likiwa "ndiyo", usisubiri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Humo mna ini lililosinyaa, saratani, ajali za barabarani, vipigo na watu waliojiua. Vifo hivyo havionekani kilabuni. Vinaonekana wodini, na vinaonekana nyumbani pale ada ya shule inapokosekana.

Kwa nini kiapo kikubwa hushindwa

Ubongo una breki na una mafuta. Pombe hukanyaga breki: inatuliza, inalegeza, inaleta usingizi. Mtu akinywa kila siku kwa miezi na miaka, ubongo unazoea kuwa breki imekanyagwa muda wote, na ili uendelee kufanya kazi unaongeza mafuta. Mtu huyo sasa anatembea na kuongea vizuri akiwa na kiasi cha pombe ambacho kingemwangusha mwingine. Watu humsifia kwamba "pombe anaiweza". Kwa daktari hiyo ni dalili mbaya.

Siku akiacha ghafla, breki inaachiwa huku mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini. Fikiria lori lililojaa mbao linaloshuka Mlima Kitonga bila breki. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, usingizi unakimbia, hofu inaingia. Dawa ya haraka anayoijua mgonjwa ni glasi moja tu.

Hata baada ya mwili kutulia, kumbukumbu ya pombe inabaki. Ubongo umejifunza kuunganisha pombe na mambo mengine: harufu ya jiko la kilabu, sauti ya muziki, rafiki fulani, noti mpya ya shilingi elfu kumi, saa 11 jioni mashine inapozimwa. Kimoja kati ya hivyo kikitokea, hamu inaamka yenyewe kabla mtu hajafikiri. Aliyeapa "sitakunywa tena maishani" anajikuta anapigana na jioni zote zijazo kwa mara moja. Anawaza harusi ya mdogo wake mwezi wa nane, Krismasi, msiba utakaokuja, maisha yote bila kitu alichokitegemea. Mzigo huo unamlemea, na njia rahisi ya kuutua anaijua.

Lakini hamu ya pombe ina tabia moja ambayo kila mgonjwa anapaswa kuijua: inapanda, inafika juu, halafu inashuka. Mara nyingi haichukui saa nzima. Kwa wengi dakika 15 hadi 30 zinatosha, hasa mtu akiondoka mahali pale, akila, au akiongea na mtu. Haihitaji kushindwa kwa maisha yote. Inahitaji kusubiriwa ipite. Mtu anayejua kwamba kazi yake ni kuvuka jioni moja ana kazi inayowezekana.

Wazo hili si langu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyabiashara wa hisa Bill Wilson aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alikutana na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye bado pombe ilikuwa inamsumbua. Kutokana na watu hao wawili kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi duniani, Tanzania ikiwemo. Moja ya nguzo zake ni hiyo: saa 24 tu. Usiahidi zaidi ya hapo, na usizivuke peke yako.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walichambua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba programu zinazowaunganisha wagonjwa na AA kwa utaratibu maalumu zinafanya vizuri sawa na tiba nyingine za kisaikolojia, na katika kumfanya mtu akae bila pombe kabisa zinafanya vizuri zaidi. Hapa kwetu, nyumba za upataji nafuu zilizoanzishwa Zanzibar na baadaye mikoa ya Bara zimewasaidia waraibu wa heroini kwa misingi hiyohiyo: leo tu, pamoja na wenzako.

Jambo ambalo mkoa wetu unalijua tayari

Kuna wagonjwa wanaoniambia, "Daktari, siku moja moja ni maneno ya Wazungu." Mimi huwajibu kwamba hakuna watu wanaoyajua maneno haya kuliko watu wa Iringa, Njombe na Mbeya.

Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Tafiti za kitaifa zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima mkoani wanaishi na virusi hivyo. Katika ukoo wako au wangu yupo anayemeza dawa za ARV. Muulize anafanyaje. Hawezi kumeza leo vidonge vya mwaka mzima, na cha jana hakimsaidii kama cha leo hakumeza. Kila siku, saa ileile, kidonge chake. Hivyo ndivyo watu waliokuwa wamekata tamaa wamelea watoto, wamejenga nyumba na wameona wajukuu.

Kuacha pombe kunafuata njia hiyo. Uraibu wa pombe ni ugonjwa wa muda mrefu kama presha au kisukari, na kutokunywa leo ndicho kidonge cha leo. Tena mambo haya mawili yanagusana, kwa sababu anayelewa jioni ni rahisi kusahau dawa zake usiku. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, pombe pamoja na dawa zake inaliweka ini kwenye hatari zaidi. Kama unatumia dawa hizo na unakunywa, mwambie mhudumu wako. Usiache dawa ili unywe, na usifiche.

Siku za kwanza: lini uje hospitali

Sasa nasisitiza jambo ambalo naomba mzazi alisome mara mbili. Mtu aliyekuwa anakunywa kidogo, au mwisho wa wiki tu, anaweza kuacha nyumbani. Mtu anayekunywa sana kila siku, hasa anayeanza asubuhi, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani.

Saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho hutokea mitetemo, jasho, kichefuchefu na wasiwasi. Kati ya saa 6 na 48 baadhi hupata degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wachache hupatwa na hali mbaya zaidi: wanachanganyikiwa, wanaona wadudu au watu wasiokuwepo, wanaweweseka, joto la mwili linapanda na moyo unakwenda mbio. Hali hii isipotibiwa inaweza kuua.

Mjini na vijijini kwetu, mtu akianza kuona vitu visivyokuwepo watu husema amerogwa au ana mapepo. Anafungwa kamba, anapelekwa kwenye maombezi au kwa mganga, na saa muhimu zinapita. Familia ikitaka kumwombea, imwombee akiwa kitandani hospitalini. Hatuzuii maombi, tunahitaji muda.

Hospitalini mgonjwa hupewa dawa za kutuliza ubongo kama diazepamu kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, maji, chakula na vitamini B1. Vitamini hiyo ni muhimu kwa sababu mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo, na upungufu mkubwa unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Ndiyo maana si vizuri kumtundikia drip ya sukari mnywaji sugu mtaani ukadhani umemaliza kazi. Diazepamu nayo isinunuliwe dukani na kunywewa kienyeji. Ikichanganywa na pombe inaweza kumzuia mtu kupumua.

Mlete hospitali kabla hajaacha kama anakunywa asubuhi ili aache kutetemeka, kama aliwahi kupata degedege alipoacha zamani, kama ni mjamzito au mzee, au kama ana kifafa, ugonjwa wa moyo au wa ini. Mkimbize hospitali wakati wowote akipata degedege, akichanganyikiwa, akitapika damu, akiwa na macho ya njano, au akisema anataka kufa. Kwa anayesubiri miadi, ni salama zaidi kupunguza kidogo kidogo kwa maelekezo ya mtaalamu kuliko kukata ghafla.

Wengine baada ya hapo watahitaji msaada mrefu zaidi. Huduma za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa za Iringa na Mbeya, na Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama naltreksoni, ambazo daktari anaweza kuzijadili na wewe kulingana na afya yako na upatikanaji wake.

"Leo" inapangwaje

Siku moja bila pombe haiji kwa kukaza meno. Inapangwa. Wagonjwa wangu nawaambia waipange hivi.

Asubuhi kabla ya kutoka kitandani, amua: leo sinywi. Usiamue ya kesho. Kisha jiulize saa yako ya hatari ni ipi. Kwa wengi ni kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Saa hizo zipe kazi kabla hazijafika: kumchukua mtoto shule, kumwagilia bustani, mazoezi ya kwaya, kwenda kwa dada yako kula. Saa tupu ni rafiki wa pombe.

Badili njia. Kama njia ya kutoka kazini inapita mlangoni kwa muuza ulanzi, zunguka. Si woga. Dereva mwenye akili huzunguka daraja bovu hata kama jana alilivuka salama.

Panga fedha kabla hazijafika mkononi. Mwombe anayekulipa atume sehemu kwa simu ya mke wako, mama yako au mtu unayemwamini, tena mbele yako na kwa makubaliano yako mwenyewe. Jumamosi ya malipo tembea na mtu.

Kula. Hamu ya pombe hupanda haraka mtu akiwa na njaa, hasira, upweke au uchovu. Ukihisi hamu, anza kwa kujiuliza ni kipi kati ya hivyo vinne. Mara nyingi sahani ya ugali na maharage, au usingizi wa mapema, hufanya kazi ambayo mahubiri hayakuweza.

Hamu ikizidi, punguza siku iwe saa, saa iwe nusu saa. Tazama simu: "Sasa ni saa 12 na robo. Mpaka saa 1 kasoro robo sinywi." Ondoka hapo ulipo, mpigie mtu mmoja uliyekubaliana naye. Ikifika saa 1 kasoro robo, amua tena.

Usiku weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Asante Mungu, siku imepita. Lala.

Usingizi utasumbua kwa wiki kadhaa, na hasira za ghafla zitakuja. Hiyo ni kawaida, ubongo unajirekebisha. Lakini faida nazo zinaanza mapema. Presha ya wengi hushuka ndani ya wiki chache, na ini lenye mafuta huanza kupona katika wiki za mwanzo kama bado halijasinyaa.

Neno "leo" mbele za watu

Kijana akisema "mimi nimeacha pombe", genge zima linageuka kumtazama. "Utaona! Tutakukuta hapa Jumamosi." Sasa imekuwa mchezo wa kumwangusha. Akisema "leo sinywi", hakuna cha kubishania. Ni leo tu. Kesho yake anasema hivyohivyo. Baada ya miezi miwili genge limezoea, na wapo watakaomfuata pembeni kumuuliza anafanyaje.

Msibani na harusini, shika kikombe chako mwenyewe mapema, cha chai, soda au togwa ya mahindi isiyochacha. Mikono ikiwa mitupu, mtu atakuletea cha kwake. Ukiona mambo yamekuwa magumu, umeshatoa pole, umeshatoa rambirambi, nenda nyumbani. Marehemu hatakulaumu.

Wapo wanaoniuliza kama kusema "leo tu" si kujiachia mlango wa kunywa kesho. Hapana. Kesho ikifika itaitwa leo, na jibu litakuwa lilelile. Tena hili la leo ni la pombe tu. Ada ya mtoto, miadi ya kliniki na shamba la miti yako vipangie miezi na miaka. Mtu asiyelewa leo ndiye anayeweza kupanga mambo hayo.

Akianguka

Wengi wataanguka, mara moja au zaidi. Familia husema "amerudi palepale". Si kweli. Mtu aliyekaa siku 40 akanywa moja hajapoteza zile 40. Ini lake lilipumzika siku 40, watoto walilala kwa amani siku 40, na yeye amejifunza kwamba anaweza. Kinachomrudisha kweli palepale ni aibu, pale anapojiambia, "Nimeshaharibu, basi ninywe mpaka mwisho."

Kwa hiyo usimuulize "kwa nini umenifanyia hivi?" Muulize ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, alikuwa amekula, fedha ilitoka wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayorekebisha mpango wa leo. Kama amekunywa siku nyingi mfululizo, kumbuka onyo la kuacha ghafla, umlete kwanza.

Kwa wazazi

Mama, baba, najua mmechoka. Uraibu wa mtoto unawazeesha wazazi. Lakini kumpiga, kumfungia ndani, au kumtangaza kanisani hakumtibu. Kumlipia deni la kilabu kila mwezi nako hakumsaidii. Chakula mpe, nauli ya kliniki mpe kwa kumsindikiza, fedha mkononi subiri.

Badala ya kumwapisha, muulize kila asubuhi kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, leo tunafanyaje?" Na jioni akirudi mzima, mwambie umeona. Wazazi wengi wana maneno mia kwa siku ya ulevi, na hawana hata moja kwa siku aliyoshinda bila kunywa.

Kwa walio na watoto wadogo: mtogwa si juisi. Ulanzi huanza kuchacha tangu unapodondoka, na mtoto hana kipimo cha kujua umefika wapi. Utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 wana uwezekano wa takribani mara nne zaidi wa kuwa waraibu kuliko wanaoanza wakiwa na miaka 21. Mjamzito naye asinywe kabisa, kwa sababu pombe inavuka kondo na kufika kwenye ubongo wa mtoto.

Nisiwasahau akina mama wanaopika na kuuza pombe nyumbani ili watoto wasome, na ambao wenyewe wameshanaswa. Huyu hawezi kuambiwa abadili biashara kesho asubuhi. Lakini anaweza leo kumwachia mwingine kazi ya kuonja, leo kufunga saa moja mapema, leo kumwambia mhudumu wa afya ukweli. Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama vinaweza kumsaidia kuhamia biashara nyingine hatua kwa hatua. Aibu anayobeba mwanamke mlevi ni kubwa kuliko ya mwanamume, na ndiyo inayomchelewesha kuja hospitali. Karibuni. Mlango wa kliniki ni mmoja kwa wote.

Mwisho, usivuke siku peke yako. Kama mtaani kwako, Kinyanambo au Changarawe, hakuna kikundi cha wanaoacha pombe, watu watatu wanatosha kuanza. Kaeni Jumamosi jioni, saa ileile ambayo wengine wanaelekea kilabuni, chai iwepo, kila mmoja aseme ukweli wa siku yake. Msijadili mwaka ujao. Kila mmoja aseme tu kama leo amekunywa au hajanywa, na nini kitamsaidia kufika asubuhi.

Wiki ijayo tutazungumzia ini: dalili zake za mwanzo, vipimo vyake, na kwa nini maumivu huchelewa kuja. Ukisoma haya na mikono yako inatetemeka, usisubiri makala hiyo. Nenda kituo cha afya leo.